Kamioni inakunywa mazutu kidogo, juu ya nini depo inakauka mbio?

Tulikuwa delege saba kuzunguka meza moja. Kila mmoja wetu alipewa karatasi ya rangi, na ndani yake mstari mwekundu ulioshuka toka kushoto kwenda kuume. Ule mstari ulikuwa mazutu inayochomwa kwa kila tani ya mawe. Kamioni mpya zilikuwa njiani, na zitakunywa robo moja pungufu kwa kila tani. Basi, wakatuambia wakubwa wa kampuni, moshi utapunguka, vumbi itapunguka, na kartie iliyo kando ya barabara ya karieri itapumua. Tulipiga makofi. Tulitia sahihi. Mimi mwenyewe njo nilisimama siku ya Mungu, nyuma ya misa, kuwaeleza watu ile habari njema.

Mwaka mmoja ulipita. Asubuhi moja mama mmoja akanisimamisha njiani, bibi ya mwenzetu anayetumika ku konkaseri. Hakunisalimia hata.

— Papa delege, ulituambia vumbi itapunguka. Sasa niko naanika nguo mu nyumba, na mutoto anakohoa usiku muzima. Mulihesabu nini kule ku meza?

Sikuwa na jibu. Nilienda kwa madereva. Wakaniambia kamioni mpya ni nzuri kweli, inakunywa kidogo kuliko ile ya zamani. Nikaenda kwa kijana wa depo ya mazutu. Akaniambia siterne iliyokuwa inakuja mara tatu kwa juma, sasa inakuja mara nne. Wote wawili walisema kweli. Hata kampuni haikudanganya: ile karatasi ya rangi ilikuwa sawa. Sisi njo tulikosea. Tulisoma namba ya tani moja, tukafikiri tumesoma namba ya karieri nzima.

Ninaandika habari hii kwa sababu hatuko wa kwanza kuanguka mu shimo hili. Kuna mtu aliyelieleza zaidi ya miaka 150 iliyopita, na alilieleza kwa mfano wa wachimbaji kama sisi.

Mtu wa makaa ya mawe

Huyo mtu aliitwa William Stanley Jevons. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1835. Mbele ya kuwa mwalimu wa uchumi alifanya miaka mitano huko Sydney, Australia, akipima dhahabu katika nyumba ya serikali ya kutengeneza sarafu. Wenzetu wa laboratwari watamtambua: alikuwa mtu wa sampuli na mizani.

Mwaka 1865 alitoa kitabu juu ya makaa ya mawe ya nchi yake. Wakati ule Uingereza yote ilitembea na makaa: treni, meli, viwanda vya nguo, tanuru za chuma, na moto wa kupika. Watu walianza kuogopa kwamba siku moja yataisha. Wengine waliwatuliza: msiogope, mashine zinaendelea kuwa bora kila mwaka, zinakula makaa kidogo, kwa hiyo makaa yetu yatakaa muda mrefu. Jevons akasema mambo iko kinyume. Kwa sababu mashine inakula kidogo, kazi yake inakuwa bei ndogo. Kwa sababu iko bei ndogo, watu wengi wanaitaka, na wanaipeleka ku kazi ambazo zamani hazikulipa. Mwisho wa hesabu, makaa yanaenda mbio zaidi kuliko mbele.

Mfano wake mmoja ulitoka Scotland. Mwaka 1828 mtu wa Glasgow, James Beaumont Neilson, alipata breve kwa namna mpya ya kuyeyusha chuma: hewa inayopulizwa ndani ya tanuru ipashwe moto kwanza. Makaa kwa kila tani ya chuma yakashuka hata chini ya theluthi moja ya yale ya zamani. Akiba kubwa. Lakini toka 1830 mpaka 1863, makaa yote yaliyochomwa na viwanda vya chuma vya Scotland yalipanda mara kumi. Fanya hesabu mwenyewe: kama kila tani inakula theluthi, na makaa yote ni mara kumi, basi chuma kilichotoka kilipanda karibu mara thelathini.

Mfano mwingine unatugusa karibu zaidi, kwa sababu ni wa wachimba shaba. Kule Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, watu walichimba shaba na bati chini ya ardhi. Adui yao alikuwa maji. Toka mwaka 1712 kulikuwa pampu ya moshi ya Thomas Newcomen, lakini ilikula makaa bila huruma, na Cornwall haina makaa. Yalikuja na meli toka Wales, na meli zile zile zilirudi zimebeba mawe ya shaba kwenda kuyeyushwa Swansea. Mwaka 1777 pampu za James Watt zikaingia, zikaokoa zaidi ya nusu ya makaa. Watt na mshiriki wake Boulton hawakuuza mashine tu. Walidai theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, wakilinganisha na mashine ya zamani. Wale watu walijua tangu siku ya kwanza kwamba akiba ni mali, na mali lazima iwe na mwenyewe.

Toka 1811 wahandisi wa Cornwall walianza kutoa karatasi kila mwezi, wakionyesha kila pampu imeinua maji kiasi gani kwa kipimo kimoja cha makaa. Kwa muda wa miaka 30 hivi kazi ya wastani ya kila kipimo ilipanda mara tatu. Je, mashimo yalipumzika? Hapana. Yaliteremka chini zaidi, kwa sababu maji yaliyokuwa yanazuia sasa yaliweza kutolewa kwa bei ndogo. Na ile mashine ya moshi, baada ya kuwa rahisi, ilitoka ku shimo ikaingia ku kila kiwanda.

Hesabu ya ku ubao

Turudi ku kamioni zetu. Hizi namba ninazoandika hapa si za kampuni yetu, ni za mfano, ili kila mtu aweze kufuata na kalamu.

Tuseme karieri inatoa tani 10,000 kwa siku. Kamioni ya zamani inachoma litri 4 kwa tani. Jumla ni litri 40,000. Kamioni mpya inachoma litri 3 kwa tani. Ku karatasi ya rangi, jumla inashuka mpaka litri 30,000, na akiba ni litri 10,000 kila siku. Hapo njo tulipiga makofi.

Lakini ile hesabu imefunga jicho moja: inafikiri tani zitabaki 10,000. Sasa fungua jicho la pili, na uangalie njia tatu.

Njia ya kwanza: tani zinapanda mpaka 12,000. Mara litri 3, ni 36,000. Akiba ya 10,000 imekuwa 4,000. Sehemu kubwa imeliwa, lakini kitu kimebaki.

Njia ya pili: tani zinafika 13,300 na kidogo. Jumla inarudi pale pale ku 40,000. Akiba imeliwa yote.

Njia ya tatu: tani zinafika 16,000. Jumla ni litri 48,000. Kamioni ni bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na depo inakauka mbio kuliko zamani. Na kama kila kamioni inabeba tani 40, safari zimetoka 250 zimefika 400 kwa siku. Vumbi ya yule mama haifuati litri kwa tani, inafuata safari.

Hii njo sheria yote, haina uchawi. Uliza vitu viwili: matumizi ya kitu kimoja yamepunguka mara ngapi, na vitu vyenyewe vimeongezeka mara ngapi? Kama kuongezeka kunashinda kupunguka, jumla inapanda. Wachumi wana maneno mengi juu yake, lakini mtu mwenye kujua kuzidisha na kugawanya anaweza kuwafuata mpaka mwisho.

Kijana mmoja mhandisi, aliponiona na hesabu hii, alinisahihisha, na alikuwa na haki. Alisema: papa, mazutu haiko gharama yote. Tuseme mazutu ni sehemu 20 katika kila 100 za gharama ya kutoa tani moja. Ukiokoa robo ya mazutu, umeokoa sehemu 5 tu za gharama yote. Kwa sehemu 5 peke yake, hakuna kampuni itatoka tani 10,000 ikafika 16,000. Ni kweli. Ili njia ya tatu itokee, akiba lazima iguse gharama kubwa, sawa makaa yalivyokuwa kwa pampu za Cornwall, ao akiba nyingi ndogo zikusanyike: kamioni, baruti, umeme, asidi, masaa ya kazi. Na lazima kuwe na soko linalongoja. Kule kwetu vyote vilikuwepo. Kamioni zilikuwa kipande kimoja tu cha mpango wa kupanua karieri, na sisi tulionyeshwa kipande peke yake.

Mbabula ya nyumbani

Mtu asifikiri kwamba sheria hii inakula kila akiba. Nitoe mfano wa nyumbani.

Ku Lubumbashi na ku Kolwezi, wakati umeme wa SNEL umekatika, tunapika na makala. Mama akipata mbabula nzuri, ile yenye udongo ndani unaoshika moto, mfuko wa makala unakaa siku nyingi zaidi. Je, atapika bukari mara tatu zaidi juu makala imekuwa rahisi? Hapana. Tumbo za watoto zina mwisho. Labda sasa atapika maharage, aliyokuwa anakimbia sababu yanakula moto masaa mingi. Labda atachemsha maji ya kuoga asubuhi za mwezi wa sita, wakati baridi inauma. Kidogo cha akiba kitaliwa hivyo, na ni vizuri kiliwe, watu wamepata raha. Lakini sehemu kubwa inabaki ku mfuko.

Sasa angalia yule mama anayeuza chakula kando ya njia ya wafanyakazi. Yeye pia amenunua mbabula mpya. Sahani yake inamgarimu kidogo, anaweza kupunguza bei, wateja wanaongezeka, anaweka mbabula ya pili na ya tatu. Jioni amechoma makala mingi kuliko mbele. Mbabula ni ile ile. Tofauti ni kwamba wa kwanza analisha nyumba yenye watu wanaohesabika, na wa pili analisha soko.

Kampuni ya madini inalisha soko la dunia nzima. Haina tumbo la kushiba. Kwa hiyo akiba ya nyumbani na akiba ya karieri tusizipime na kipimo kimoja.

Kobalti: hesabu ya kwetu wenyewe

Mwaka 1991 betri za kwanza za litium zilianza kuuzwa, na ndani yake kulikuwa kobalti mingi. Zilipoanza kuingia mu magari, wahandisi walitafuta kuipunguza, kwa sababu ni ya bei na kwa sababu sehemu kubwa inatoka mu nchi moja, yetu. Walianza na betri ambayo nikeli, manganizi na kobalti ziko sawa sawa, theluthi kwa theluthi. Kisha wakafanya ile ambayo kobalti ni sehemu mbili katika kumi. Kisha ile ambayo ni sehemu moja tu katika kumi. Kwa gari lenye betri ya kilowati-saa 60, hii ni kutoka kilo zaidi ya 20 mpaka karibu kilo 6.

Watu wengi walituambia: kobalti imekwisha, Katanga italia. Tuangalie namba. Mwaka 2012 dunia nzima iliuza magari ya umeme kama 120,000. Mwaka 2024 iliuza zaidi ya milioni 17. Mwaka 2010 nchi yetu ilitoa tani za kobalti chini ya 60,000. Mwaka 2024 ilitoa karibu tani 220,000. Kobalti kwa kila betri ilishuka, na kobalti iliyotoka mu ardhi yetu ilipanda karibu mara nne.

Tusidanganyane: haiko kupunguza kobalti peke yake kulifanya magari yaongezeke. Serikali za China na Ulaya zilitia pesa na sheria, viwanda vikawa vikubwa, vitu vingi vilibadilika pamoja. Lakini bei ya betri ilishuka zaidi ya 80 kwa mia tangu 2010, na kupunguza madini ya bei ndani yake ni sababu moja ya kushuka huko. Betri rahisi ilizaa magari mengi.

Na kuna mpaka ambao lazima delege aujue. Leo karibu nusu ya betri za magari mapya duniani ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata gramu. Hapo sheria ya Jevons haifanyi kazi tena, kwa sababu sufuri ukizidisha na magari milioni 100, inabaki sufuri. Kupunguza kunaweza kuongeza matumizi. Kubadilisha na kitu kingine ni mambo mengine. Mtu akikuambia "wanapunguza kobalti," muulize kwanza: wanapunguza, ao wanaacha?

Mawe ya kutupa yanakuwa mawe ya kuuza

Kuna mahali pengine ambapo akiba inafungua mlango, na kila mchimbaji anapajua. Ni ule mpaka kati ya mawe yanayolipa na mawe ya kutupa. Mpaka ule hauko ndani ya jiwe. Uko ndani ya gharama. Gharama ikishuka, mawe ya jana ya kutupa yanakuwa mawe ya leo ya kuuza.

Marekani, ku jimbo la Utah, kulikuwa mlima wenye shaba kama sehemu 2 katika 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wengi waliona ni umaskini, hauwezi kulipa. Mhandisi Daniel Jackling akasema tutauchukua mlima wote na mashine kubwa, na toka 1906 walianza kuuchimba na sepo za moshi ku mahali panapoitwa Bingham Canyon. Leo shimo lile ni moja ya makubwa kuliko yote duniani, na wanachimba mawe yenye shaba chini ya sehemu 1 katika 100. Mwaka 1900 dunia ilitoa shaba karibu tani 500,000. Leo inatoa zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, na mawe ya wastani ni maskini kuliko yale ya babu zetu. Kila jiwe maskini linataka mawe mengi zaidi yavunjwe, yasagwe na yaoshwe ili kupata kilo ile ile. Akiba ya mashine inalipia kazi ya kuongezeka.

Kwetu tunaliona jambo hilo bila kwenda Utah. Ku Kolwezi, yale mabaki ya Kingamyambo na ya bonde la Musonoi, mchanga uliotupwa na viwanda miaka mingi, toka 2018 unarudishwa ku kiwanda kutolewa shaba na kobalti. Kitu ambacho wazee wetu walikiita takataka kina bwana wake sasa. Gekamini katika mwaka wake mkubwa, 1986, ilitoa shaba karibu tani 476,000, na tuliona hiyo ni kilele. Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3.

Hakuna ubaya mabaki kuwa mali. Lakini karieri ina mwisho, hata mwisho huo ukisogea. Mawe maskini yakiingia mu hesabu, maisha ya karieri yanakuwa marefu. Tani kwa siku zikiongezeka, maisha yake yanakuwa mafupi. Lipi litashinda? Mtu anayejenga nyumba ya matofali kando ya karieri, na anayesomesha mtoto akifikiri kazi itakuwepo miaka 20, ana haki ya kujua jibu.

Na kazi yetu je?

Hapa wenzangu wananiuliza: kama mashine inapunguza watu kwa kila tani, si sheria hii ya Jevons itatuletea kazi zaidi? Swali ni zuri. Jibu ni: mara nyingine ndiyo, na tusitegemee.

Angalia makaa ya Uingereza yenyewe. Wakati Jevons anaandika, walitoa chini ya tani milioni 100 kwa mwaka. Mwaka 1913 walifika tani milioni 287, na wachimbaji walikuwa zaidi ya milioni moja. Jumla ilipanda, na watu waliongezeka pamoja nayo. Kisha soko likaacha kukua, lakini mashine haikuacha kuwa bora. Toka siku hiyo kila akiba ilitoa watu ku kazi. Mwezi wa 12 mwaka 2015 shimo kubwa la mwisho la chini ya ardhi, Kellingley, lilifungwa.

Wale wa Cornwall walikuwa wameona mapema zaidi. Mwaka 1866 bei ya shaba ilianguka, mashimo yao yalikuwa ya kina sana, na nchi zingine zilikuwa na shaba ya kuchimba kwa urahisi. Wachimbaji walipanda meli na familia zao, wakaenda Australia, Marekani, Afrika ya Kusini. Pampu bora za dunia hazikuwafaa kitu.

Kwa hiyo tani zinazopanda zinaweza kulinda kazi, kwa muda. Wakati huo njo wakati wa kudai, sababu ku meza wanakuhitaji.

Anayeweka dari

Kama akiba peke yake haipunguzi jumla, ni nini kinapunguza? Dari. Mtu mwenye nguvu aseme: mpaka hapa, si zaidi.

Tumeona dari moja kwa macho yetu. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2025, bei ya kobalti ikiwa imeanguka sana, serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje. Toka tarehe 16 mwezi wa 10 ikafungua tena, lakini kwa kipimo: tani 18,125 mpaka mwisho wa mwaka ule, na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vile vile 2027. Hiyo ni chini ya nusu ya zile 220,000 za mwaka 2024. Serikali haikuuliza kila kampuni inatumia nini kwa tani. Ilihesabu jumla.

Dari ina maumivu yake. Mchimbaji wa mkono, yule tunaita krezeri, anayekula jioni kile alichouza asubuhi, hakungoja bei ya mwaka ujao. Dari ambayo haimfikirii yeye ni dari inayoanguka kichwani mwake. Lakini somo linabaki: ukitaka jumla ipungue, weka mpaka juu ya jumla. Kama hutaki ipungue, basi sema wazi akiba inaenda kwa nani.

Sheria ya madini iliyosahihishwa mwaka 2018 imeweka sehemu ya jibu. Redevansi ni 3.5 kwa mia kwa shaba, na 10 kwa mia kwa kobalti. Katika hiyo redevansi, nusu inaenda serikali kuu, 25 kwa mia inaenda ku jimbo, 15 inaenda ku komini ao sekta penye karieri iko, na 10 inaingia katika mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Ule mfuko una maana moja: walioandika sheria walijua mawe yataisha. Kwa hiyo tani zikipanda, franka za komini yako zinapaswa kupanda pia. Kama safari za kamioni zimeongezeka ku mlango wako na shule ya kartie iko vile vile bila madirisha, nenda kauliza ku komini, na uende na karatasi.

Maswali ya kupeleka ku meza

Ndugu delege, siku watakuletea mstari mwekundu unaoshuka, usikatae. Mashine bora ni kitu kizuri, na dereva wa kamioni mpya anapumua moshi kidogo. Lakini mbele ya kupiga makofi, uliza haya.

Kwanza, jumla ni ngapi? Mazutu yote ya mwezi, maji yote, umeme wote, safari zote. Namba ya tani moja iandikwe kando ya namba ya karieri nzima, ku ukurasa mmoja.

Pili, tani zitakuwa ngapi mwaka ujao na mwaka wa tatu? Mpango wa kupanua usitengwe na mpango wa kuokoa.

Tatu, karieri itaisha mwaka gani kwa mwendo wa leo, na mwaka gani kwa mwendo mpya?

Nne, akiba ni pesa ngapi, na inagawanywa namna gani? Watt alidai theluthi ya makaa yaliyookolewa, na alilipwa. Mfanyakazi anayeifanya mashine ile iokoe ana haki ya kutaja sehemu yake.

Tano, dari ya kartie ni ngapi? Safari kwa siku, maji ya kunyunyizia barabara mara ngapi, saa gani ya usiku kamioni zinasimama. Iandikwe na namba. Neno "tutapunguza" halina namba, na lisilo na namba haliwezi kudaiwa.

Sisi tumerudi ku meza na maswali haya matano. Mawili yamepata jibu: sasa tunapata safari za siku na mazutu ya mwezi, zinabandikwa ku ubao wa sendika karibu na mlango wa kuingilia. Juu ya dari ya kartie bado tunazungumza, mkutano mwingine ni mwisho wa mwezi. Yule mama niliyemwambia uongo bila kujua, nilienda kwake nikamwomba musamaha. Alinipa kiti, akanipa maji.

— Papa delege, hata siku ile ungeniuliza, ningekuambia. Mimi nahesabuaka kamioni tangu asubuhi.

Nilimwomba aendelee kuhesabu, na aandike. Kaye yake iko mu mfuko wangu, tutaifungua ku meza.